Bata Aliyetangazwa Kanisani

Manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto yana harufu yake, na ninyi mliowahi kunyonyoa kuku mnaijua: harufu nzito, ya joto na ya unyevunyevu, inayoingia kwenye nguo na kukataa kutoka. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya soko la Dilala nikitafuta pikipiki ya kunirudisha nyumbani, nikapita karibu na akina mama waliokuwa wakinyonyoa kuku juu ya beseni. Mvuke ukanipiga usoni. Papo hapo nikawa na umri wa miaka kumi, nimesimama nyuma ya nyumba yetu ya Kapata, nimekumbatia bata asiyekuwa wangu, na mama yangu yuko mlangoni ananiambia maji yameshachemka.

Niwaeleze kwanza kuhusu Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, na bata, maana bila hilo hamtanielewa. Nyumba zetu zilijengwa na kampuni ya migodi zamani, mistari kwa mistari, zote sura moja, na kila moja ilikuwa na kiwanja kidogo nyuma. Katika kila kiwanja mlikuwa na bata, wale wakubwa wa kufugwa wenye uso mwekundu wa manundunundu, ambao hawalii bali wanapumua kwa hasira kama mtu aliyekatizwa usingizi. Ubaya wao ni kwamba wanaruka. Ukichelewa wiki tatu kuwashughulikia, asubuhi moja unamkuta bata wako juu ya paa la jirani, na jirani naye anasema ni wake.

Kwa hiyo tuliwakata mabawa, na kila nyumba ilikata upande wake. Sisi tulikata la kushoto. Mama Odile, jirani yetu wa mkono wa kulia, alikata la kulia. Ukiokota bata njiani, unafungua bawa, unaangalia mkasi umepita wapi, na unajua umpeleke kwa nani. Kazi hiyo kwetu aliifanya Tata, baba yangu, mwenyewe, kwa mkasi wa cherehani wa Mama, jambo lililomuudhi Mama kila mwaka kana kwamba halijawahi kutokea kabla. Mimi nilishika miguu ya bata na kugeuza uso pembeni, kwa sababu sauti ya mkasi ukipita kwenye manyoya magumu ilinisisimua meno.

Tata alikuwa karani wa stoo. Alikuwa mwembamba, mpole, na mwenye kupenda utaratibu kuliko chakula. Kanisani alikuwa shemasi, na nyumbani alikuwa mtu wa kuuliza: nani alikiweka, nani alikitoa, kwa ruhusa ya nani. Hata sukari ikipungua kwenye kopo aliita kikao. Mama alikuwa kinyume chake kabisa. Alisema maneno yake kwa sauti, alicheka kwa sauti, na akishaamua jambo jikoni, hakuna shemasi aliyeweza kulirudisha nyuma.

Ilikuwa Julai, wakati wa ile baridi ya kiangazi inayotufanya watu wa Kolwezi tuvae masweta mawili asubuhi na kuyavua yote mchana. Mama alinituma bondeni kumwagilia bustani yake ya lengalenga, yaani mchicha, kando ya kijito kilichojaa matete. Nilipokuwa nachota maji, kitu kikatimka mbele yangu. Kilikuwa bata, lakini si wa kwetu. Alikuwa mdogo, mwili wa rangi ya udongo, ubavuni michirizi myembamba, shingo nyeusi na uso mweupe safi. Alipiga mabawa, akakimbia juu ya maji akirusha matone kila upande, wala hakunyanyuka. Alitoka ukingoni akaingia kwenye majani, na mimi nikamfuata kwa magoti hadi nikamkamata.

Nilijiona mwindaji mkubwa kuliko wote wa Katanga. Nikamficha ndani ya sweta na kupanda kwenda nyumbani nikikimbia, na njiani moyo wake ulikuwa unanigonga tumboni. Kisha akapiga mluzi. Ndiyo, mluzi, sauti tatu nyembamba zinazoshuka, kama mvulana anayeita mwenzake nje ya dirisha. Tangu hapo nikampenda, sitawadanganya. Kwa uso ule mweupe na kilemba kile cheusi alifanana na watawa wa Kikatoliki waliopita mtaani kwetu, nikampa jina palepale: Ma Sœur, yaani Sista kwa Kifaransa.

Mama alimwangalia mara moja tu. "Mungu ni mukubwa," akasema, akaweka maji motoni, akachukua kisu na kuanza kukata vitunguu, matungulu kama tunavyoyaita kwetu. Nikasimama pale nimemkumbatia bata wangu kwa nguvu zaidi. Nani angemwombea? Kwetu bata alikuwa nyama yenye miguu, na mtoto wa kumwonea huruma angechekwa mwezi mzima.

Ndipo Tata akatoka ndani na gazeti lake. Akanitazama. Akamtazama bata. Akaja taratibu, akafungua bawa moja, akapitisha kidole, kisha akafungua la pili na kupitisha kidole tena. Mahali ambapo pangekuwa na manyoya marefu ya kurukia hapakuwa na kitu.

"Mama Nadège," akasema, "shusha ile mayi."

"Nishushe juu ya nini?"

"Bata ya pori inarukaka. Hii hairuke. Angalia mwenyewe mabawa yake, yote mbili."

Mama akaja na kisu mkononi, akaangalia, akapiga ulimi. "Aaa, kumbe banamukata! Eko na mwenyewe."

"Mi sikulaki bata yenye sijue inatoka wapi," Tata akasema.

"Inatoka mu mayi! Bata yote inatokaka mu mayi!"

Lakini tayari alikuwa anainua sufuria, kwa sababu mke wa shemasi hawezi kupika bata wa mtu. Usiku ule tulikula lengalenga, na Mama aliyapakua kwa kishindo.

Jumapili, baada ya matangazo ya ubatizo na ya kwaya, Tata alisimama mbele ya kanisa zima. Bado naisikia sauti yake ya mimbarini, ile aliyoisafisha kama viatu. "Ndugu zangu, kwangu kuna bata ambaye hawezi kuruka. Aliyepotewa na bata afike, aeleze mabawa yake yalikuwaje." Watu wakacheka, mchungaji naye akacheka, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeomba asubuhi nzima kwamba asahau.

Wakaja. Wa kwanza alikuwa Mama Odile, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi na kumbukumbu iliyokubali kunyooshwa. Ni kweli alikuwa amepotewa na bata mwezi wa tano. Tatizo ni kwamba bata wake alikuwa mkubwa na mweupe pepe.

"Eko yangu," akasema bila kusita. "Alipita mu mayi ya kule banasafishaka mawe ya shaba. Ile mayi inageuzaka rangi ya kitu yote."

"Na ukubwa?" Tata akauliza.

"Alikonda."

Tata akakuna sikio kwa kalamu. "Bata yako, Mama, ulimukata bawa gani?"

"La kuume! Mi nakataka la kuume tu."

"Basi haina yeye," Tata akasema kwa upole, na Mama Odile akaondoka akinung'unika kwamba mashemasi wa siku hizi ni wagumu.

Wa pili alikuwa Mzee Kabwe, aliyeendesha treni maisha yake yote na aliyekuwa bado anatembea kana kwamba anasikiliza breki. Yeye hakuwa na shida na rangi. Aliusikia mluzi wa Ma Sœur kutoka nje, akasema hiyo ndiyo alama yenyewe: bata wake alizaliwa karibu na reli, akakua akisikia treni kila siku, akajifunza. Tata akamuuliza bawa. Akasema la kushoto. Akarudi kwake.

Nilianza kupumua. Ma Sœur alikaa chini ya kitunga kikubwa cha Mama karibu na bomba, mbali na bata wetu waliomdharau. Nilimpa mahindi yaliyolowekwa na kumbikumbi wakavu niliowaiba jikoni. Mchana nilimtoa akaogelea kwenye beseni la kufulia, akizunguka na kuzunguka kwa heshima zote, na alipoona kivuli cha kunguru alijibana kwenye goti langu. Niliona kwamba hakuna mtu Kapata angejua kutaja mabawa yote mawili, kwa sababu hakuna mtu anayekata yote mawili. Ukikata moja, bata anapinda na kuanguka, yatosha.

Ila nilikuwa na mdomo. Clarisse, binti wa Mama Odile, alikuwa rafiki yangu wa kuruka kamba, na siku moja, kwa majivuno tu, nikamwambia jinsi Tata alivyo mjanja: anawauliza bawa gani, kumbe ni yote mawili. Clarisse akaendelea kuruka kamba. Jumapili ya pili, tulipotoka tu ibadani, Mama Odile alitukuta mlangoni kwetu akiwa bado na kitenge chake cha kanisa.

"Tata Nadège, nilisahabu. Hii mwaka nilikata yote mbili."

Nikamwangalia Tata. Nilitegemea atashinda kama kawaida yake. Lakini uso wake ulibadilika, akaangalia viatu vyake. Mtu wa utaratibu alikuwa amenaswa na utaratibu wake.

"Kama ni vile," akasema mwishoni, "utamubeba siku ya posho."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu. Na Jumamosi hiyo, kila mtu alijua, Mama Odile alikuwa anawapokea wakwe wa mwanawe kutoka Likasi. Bata hakuwa anakwenda kufugwa. Nililia bafuni, bomba likiwa wazi ili nisisikike, na nilijua kabisa ni mdomo wangu uliofanya hayo.

Jumatano, nikiwa namwogesha, nikaona kitu. Kwenye ncha za mabawa ya Ma Sœur, pale palipokuwa patupu, palikuwa pametokea vijiti vya rangi ya buluu, vimepangana sawasawa, na kwenye ncha ya kila kimoja nyoya dogo limechungulia kama brashi mpya ya rangi. Nilishangaa sana. Bata wetu wakikatwa hukaa na vigutu vyao miezi na miezi. Huyu alikuwa anachipua.

Mama Ngoie, muuza samaki, alifika mtaani kila Jumatano kutoka ziwa la Nzilo, nyuma ya pikipiki, beseni lake likiwa limefunikwa majani. Alizaliwa ziwani, na nilimwona mtu pekee wa kumuuliza. Nikamvuta pembeni, nikamwonyesha. Alicheka mpaka akashika kiuno, kicheko kirefu kuliko swali langu, sikuelewa kwa nini.

"Mutoto, hakuna mutu alimukata. Ile bata inavua nguo. Kila mwaka, mvua ikiisha, ikimaliza kulea batoto yake, manyoya ya mabawa inaanguka yote siku moja. Haiwezi kuruka. Inajificha mu matete, inangoya. Mwezi moja hata haiishe, inavaa mupya, inaenda."

"Hii itaruka lini?"

Akapima kijiti kimoja kwa ukucha. "Siku kumi. Pengine kumi na moja."

Sasa mnaona nilivyobanwa. Nikinyamaza, Ma Sœur anaingia kwenye sufuria ya Mama Odile Jumamosi. Nikisema kwamba hakukatwa na mtu, basi ni wa porini, hana mwenyewe, na anaingia kwenye sufuria ya Mama, tena mapema zaidi. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi mwenye siri kubwa isiyonisaidia kitu. Kilichobaki ni kupata siku, na siku zilikuwa mikononi mwa Tata.

Alhamisi nikamfuata alipokuwa akinyoa ndevu kwenye kioo cha dirishani. Sikumwambia habari ya vijiti. Nilimwambia ile niliyoiogopa zaidi: kwamba Mama Odile hakukumbuka chochote, ni mimi niliyempa Clarisse jibu. Nilifumba macho nikisubiri kofi au kikao. Hakuna kilichokuja. Nilipofumbua, Tata alikuwa ananitazama kupitia kioo, povu likiwa nusu uso, na nikadhani alikuwa anazuia hasira kwa sababu midomo yake ilikuwa inacheza.

"Basi jibu haina kitu," akasema. "Inafaa tuanze tena."

Alikwenda kwa Mama Odile jioni ileile na kumweleza kwamba ni mimi, binti yake, niliyekosa, kwamba mitihani iliyovuja hurudiwa, na kwamba sasa jambo litaamuliwa kwa njia ya zamani ya Kapata. Njia hiyo kila mtu aliijua. Bata akigombaniwa na hakuna ushahidi, anawekwa katikati ya barabara saa ya kurudi nyumbani, jua likielekea kushuka, na watu wananyamaza. Bata anajua kwake. Kiwanja atakachoingia, huyo ndiye mwenyewe, na hakuna wa kukata rufaa. Tata akapanga siku palepale: si Jumamosi hiyo, ya wageni, bali ile ya baadaye. Mama Odile aliwapikia wakwe kuku, na nasikia alikuwa mtamu.

Siku zile za mwisho nilihesabu kwa vidole. Vijiti vilipasuka, manyoya meusi yakatoka yaking'aa, yakarefuka, yakaanza kulaliana mgongoni. Alipopiga mabawa juu ya beseni maji yalinirukia mpaka kwenye nywele. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa namlisha ili aniache.

Jumamosi hiyo, saa kumi na moja jioni, barabara yetu ilijaa watu kama kwenye mazishi ya tajiri. Mama Odile alikuwa mlangoni kwake na kopo la mahindi. Mzee Kabwe naye alikuja, ameshaamua kwamba bado ana haki, na alikuwa amevaa kofia yake ya kazi ili bata amtambue. Mama alisimama kwetu amekunja mikono. Tata aliniambia nimbebe Ma Sœur mimi mwenyewe, nimweke chini, nirudi nyuma hatua kumi.

Nikamweka. Mama Odile akatikisa kopo akiita. Mzee Kabwe akapiga mluzi wa treni. Ma Sœur akasimama wima, shingo juu, akaangalia huku na huku kama mgeni anayesoma majina ya mitaa. Akafungua mabawa. Watu wa mbele wakasema "Eee!" Akakimbia hatua sita, saba, vumbi jekundu likatimka, na barabara ikamwachia. Akapita juu ya kofia ya Mzee Kabwe, juu ya paa la Mama Odile, juu ya waya wa umeme, akazunguka mara moja na kupiga mluzi wake wa sauti tatu, kisha akashuka upande wa bondeni, kwenye matete.

Mama Odile akashusha kopo lake, akasema, "Njo kusema mwenyewe ni mayi," na mtaa mzima ukaangua kicheko. Hata Mama alicheka, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, na mkono wa Tata ulikuwa begani mwangu, mzito na wa joto, wala hakuuondoa hadi watu walipotawanyika.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii nikijivuna: jinsi mtoto mmoja na muuza samaki walivyojua jambo ambalo Kapata nzima haikulijua. Kisha nikaolewa, nikahamia Dilala, na mwaka juzi wanangu wakaomba bata. Wakapata wawili. Ilipofika siku ya kukata mabawa nikashika mkasi mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana zamani nilikuwa nashika miguu tu na kugeuza uso.

Nilikata nyoya la kwanza nikaangalia. Kigutu kilibaki kwenye nyama, kigumu, kinene, mdomo wake umekatwa wima kama mrija. Nikapitisha kidole. Ukipitisha kidole pale hata gizani, utajua mkasi umepita. Nikakumbuka bawa la Ma Sœur siku ile ya kwanza: laini kama kiwiko cha mtoto, hakuna kigutu hata kimoja. Na nikamkumbuka Tata akipitisha kidole chake, bawa moja, kisha la pili, yeye aliyekata bata kila kiangazi tangu kabla sijazaliwa.

Nilikaa chini pale uani, mkasi mapajani. Nikayapitia maneno yake yote. Alisema bata wa porini huruka na huyu haruki: kweli. Alisema hali bata asiyejua anatoka wapi: kweli. Kanisani alisema yuko bata asiyeweza kuruka. Neno la kukatwa alilisema Mama. Tata hakulisema hata mara moja.

Nikampigia simu. Bado anaishi Kapata, nyumba ileile.

"Tata, ile bata ya mluzi. Ulijua?"

"Ngoya nitoke inje," akasema, na nikasikia mlango ukifungwa. "Nilijua. Nilimuuliza na Mama Ngoie inachukuaka siku ngapi. Nilikuona vile ulikuwa unaishika, na ulikuwa unaogopa hata kulia."

Nilimdhania mtu anayependa utaratibu kuliko chochote duniani, kumbe kanisa zima, majirani wawili, mtihani na barabara iliyojaa watu, vyote alivipanga ili binti yake asile rafiki yake, tena bila mtu kumcheka. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia tu Mama kwamba bata huyu haliwi.

"Mutoto wangu," akasema, na hapo akaishusha sauti zaidi, "mama yako alikuwa alishakata matungulu."